Kisu, Pua na Ulimi: Nani Ameihukumu Korosho ya Kusini

Kilo moja ya korosho ghafi ikimwagwa juu ya meza ya ukaguzi, kazi ya mwaka mzima ya watu wasiokuwapo pale inaamuliwa. Mmoja anahesabu punje, mwingine anazipasua, wa tatu anavipanga viini katika mafungu na kuandika. Mwishoni kuna karatasi yenye namba, na namba hiyo huenda mnadani, kisha hurudi kijijini ikiwa bei. Nimeifanya kazi hiyo katika maghala ya Masasi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kabla ya hapo nililelewa Newala, katika shamba la mikorosho la ukoo wa mama.

Historia ya korosho ya kusini huandikwa kwa tani na shilingi. Mimi nataka kuifuata kwa upande wa hukumu. Nani alikuwa na haki ya kusema hii nzuri na hii mbaya? Alitumia kipimo gani? Na mwenye korosho alikuwa amesimama wapi neno hilo lilipotamkwa? Nikiipitia historia hiyo naona jambo moja linajirudia: kila mara hukumu ya ubora ilipofanyika mbali na macho ya mkulima, mkulima alipata hasara.

Jambo hilo ni la zamani kuliko biashara ya korosho yenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19, mizigo iliyoshuka kutoka Uwanda wa Makonde na kutoka Masasi kwenda Lindi na Mikindani ilikuwa ya mpira wa porini, nta, sandarusi na ufuta. Mpira huo uligemwa kwenye mitambaazi ya msituni, ukakusanywa kuwa madonge. Mnunuzi hakuliamini donge kwa kulitazama tu. Alilikata kwa kisu ili aone kama ndani kuna mchanga, gome au kijiti kilichotiwa kuongeza uzito. Hivyo kisu kilikuwa mezani kwa mfanyabiashara wa kusini kabla gunia la kwanza la korosho halijashonwa, na mpini wake ulikuwa mkononi mwa mnunuzi.

Mkorosho wenyewe ulitoka kaskazini mashariki mwa Brazili. Wareno waliuleta Msumbiji na Goa katika karne ya 16, na kutoka Msumbiji, ambayo kwetu Newala iko ng'ambo tu ya Mto Ruvuma, ulienea pwani na bara. Ni mti usiochagua ardhi. Mchanga mwekundu wa uwandani, ambao maji hayakai juu yake na ambao kwa vizazi uliwalazimu wanawake kushuka mabondeni na vyungu kutafuta maji, ndio mchanga ambao mkorosho unaupenda. Mizizi yake huenda chini sana, na kiangazi kikali kinachokausha mimea mingine ndicho kinachousaidia kutoa maua mengi.

Bibi yangu alisimulia kwamba utotoni mwake mti huo ulithaminiwa kwanza kwa mabibo, matunda yake. Mabibo yalikamuliwa yakawa kileo cha uraka, mengine yakakaushwa, na korosho zilibaki kuwa za watoto kuchoma. Lakini hata katika uchomaji huo wa watoto kulikuwa na sheria. Korosho ziliwekwa juu ya kipande cha bati lenye matundu, moto ukiwa chini. Mafuta ya ganda yalipoanza kutoka yalishika moto, moshi mzito ukapanda, na ole wake aliyesimama upande wa upepo. Ulipofika wakati wake bati lilipinduliwa na mchanga ukamwagwa kuzima moto na kufyonza mafuta. Kisha kila mtu alichukua jiwe lake akagonga. Wakati wa kupindua ndio uliokuwa ujuzi. Bibi hakutazama moto, alinusa. Moshi wa mafuta ya ganda una ukali unaowasha macho, na chini ya ukali huo, kwa muda mfupi, hutokea harufu nyingine, nzito na tamu, ya kiini kilichoiva. Hapo ndipo alipopaza sauti tupindue. Akichelewa kidogo, kiini kilikuwa cheusi na kichungu.

Alitufundisha pia kuonja. Kiini kizuri huvunjika kikavu kati ya meno, kisha hulainika na kuacha utamu wa maziwa ulimini. Utando mwekundu ukibaki, kuna ukakasi. Mafuta ya ganda yakigusa kiini, midomo inawasha hadi jioni. Korosho iliyookotwa kabla ya kukomaa ina kiini chembamba chenye ladha ya jani bichi. Iliyonyeshewa ikakaa chini ya mti ina harufu ya udongo, na iliyohifadhiwa vibaya ina ladha ya mafuta yaliyolala, ambayo hakuna chumvi inayoweza kuificha. Nilipokuja kusoma vitabu vya ukaguzi ukubwani, niliyakuta makosa yote hayo yamepewa majina na asilimia. Hakuna hata moja ambalo bibi hakulijua.

Korosho iligeuka kuwa zao kubwa la biashara baada ya Vita Kuu ya Pili. Sababu yake ilikuwa mbali, huko India. Katika mji wa Kollam, jimbo la Kerala, kulikuwa na viwanda vilivyoajiri maelfu ya wanawake kubangua korosho kwa mkono, na walaji wakubwa walikuwa Marekani. Korosho za Kerala peke yake hazikutosha viwanda hivyo, kwa hiyo wanunuzi waliitazama Afrika Mashariki. Wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi waliokuwa na maduka Masasi, Newala, Lindi na Mikindani wakawa mlango wa biashara hiyo. Mkulima alileta korosho kichwani au kwa baiskeli, akaondoka na chumvi, kaniki, jembe na mafuta ya taa.

Wakati huohuo serikali ya Uingereza ilikuwa imeelekeza macho yake kwenye zao jingine. Mpango wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, ulimwaga mamilioni ya pauni Nachingwea, Kongwa na Urambo. Matrekta yalifyeka pori, lakini karanga hazikuja. Kilichobaki kusini ni bandari ya Mtwara yenye kina kirefu, na reli ya kwenda Nachingwea iliyong'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zao lililokuja kuibeba bandari hiyo ni korosho, iliyopandwa na mkulima mmojammoja kwa jembe lake, akichanganya miche na mihogo na mtama hadi kivuli kilipofunga.

Katika enzi ya maduka, ukaguzi ulikuwa wa mkono na sikio. Mwenye duka aliingiza mkono hadi chini ya gunia, kwa sababu ya juu siku zote ni nzuri. Alizimwaga korosho kutoka kiganja hadi kiganja na kusikiliza: kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa sauti nzito. Alibonyeza ganda kwa ukucha, na alama ikibaki alijua maji bado yamo. Mwenye shaka zaidi alitia chache katika kopo la maji. Zilizokomaa zilizama, hafifu zikaelea. Hatimaye alipasua mbili tatu. Hivi ni vipimo vya kweli, na mpaka leo ninavitumia ninapofika shambani bila vyombo. Kasoro ya ukaguzi huo haikuwa katika vipimo. Ilikuwa katika mahali vilipofanyika, nyuma ya kaunta, na mfanyaji alikuwa ndiye huyohuyo mwenye kutaja bei na mwenye daftari la madeni. Mjomba wangu, aliyesimamia mashamba ya ukoo kama ilivyo desturi ya Wamakonde, alizoea kusema kwamba siku ya kuuza alirudi nyumbani akijua uzito wa korosho zake lakini hajui zilikuwa nzuri kiasi gani.

Hapa nataka kumpeleka msomaji magharibi kidogo. Barabara ya kutoka Masasi hupita Tunduru, kisha Namtumbo, hadi Songea, na huko jirani zetu wana mila nyingine ya hukumu ambayo imenifundisha mengi. Songea ni nchi ya tumbaku ya moshi, na Ushirika wa Ngoni-Matengo ulioanzishwa mwaka 1936 ulijengwa juu ya zao hilo. Jani hutundikwa bandani juu ya moto wa kuni unaofuka polepole, hadi liwe la hudhurungi iliyokoza, zito, lenye harufu ya moshi. Wanunuzi wake duniani ni watengenezaji wa tumbaku ya kiko, ya kutafuna na ya ugoro. 

Mteuzi wa tumbaku hufungua robota, huchomoa fungu la majani kutoka katikati, hulinyoosha kwenye mwanga wa mchana, hulisugua kwa dole gumba ili aujue unyevu na mafuta yake, kisha hulipeleka puani. Halafu hutaja daraja kwa sauti. Mteuzi huyo si mtu wa mnunuzi, wala si mtu wa mkulima. Yuko chini ya bodi ya serikali, na mwenye tumbaku amesimama pale akisikiliza. Sisemi kwamba wakulima wa tumbaku hawana malalamiko, kwani wanayo mengi. Lakini daraja la tumbaku hutamkwa mbele ya aliyeilima, na hiyo ni haki ambayo mkulima wa korosho ameikosa kwa muda mrefu.

Wazee wa uwandani kwetu waliifahamu adabu hiyo bila bodi wala cheo. Walivuta kiko, walinusa ugoro, na ugoro wao waliuweka ndani ya mtete, kikopo kidogo cha mti au mwanzi ambacho wachongaji wa Kimakonde walikipamba, mara nyingi kwa kifuniko chenye sura ya kichwa cha mtu. Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, aliyezunguka Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906, aliondoka na shehena ya vitu vya mikono ya watu wa huku, na mitete ya Wamakonde ipo leo katika makumbusho ya Ulaya. Mgeni akija, babu alifungua mtete, akagonga kidogo kiganjani na kumpa. Mgeni alinusa, akangoja, kisha akasema alichokiona: mkali, au umelala, au umetiwa majivu mengi. Mwenye mtete alijibu, na vijana walikaa wakisikia. Hukumu ilifanyika hadharani, kila mmoja akiwa amenusa kitu kilekile. Mtoto aliyekulia hapo alijua kwamba pua yake ina haki sawa na ya mtu mwingine.

Baada ya Uhuru, vyama vya ushirika vilichukua nafasi ya maduka. Mwaka 1973 serikali iliunda Mamlaka ya Korosho, na korosho za mkulima zikawa na mnunuzi mmoja, bei moja na madaraja mawili. Daraja la kwanza lilikuwa la korosho kavu, safi, iliyokomaa. Daraja la pili lilikuwa la zote zilizobaki. Kwa mara ya kwanza ubora uliandikwa ukutani kwenye ghala la chama pamoja na bei yake. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000, na sehemu kubwa ilitoka katika mikoa yetu ya kusini. Mjomba alijenga nyumba ya bati. Nyumba nyingi za bati za Newala zina umri huohuo.

Kilele hicho hakikudumu. Mwaka 1974 watu walihamishiwa katika vijiji vya pamoja, na mashamba mengi ya mikorosho yakabaki mbali na wenyewe. Magugu yaliota, moto wa kiangazi ukapita chini ya miti. Vyama vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976. Bei aliyolipwa mkulima ikawa ndogo hata kuokota hakukulipa. Kisha ukaja ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe unaoshambulia maua na majani machanga na kuyakausha kabla hayajatunga. Kufikia nusu ya pili ya miaka ya 1980 mavuno ya nchi nzima yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000 kwa msimu. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, ndio waliofanya kazi ndefu ya kuonyesha kwamba unga wa salfa, ukipulizwa kwa wakati, unalinda maua, na ndio waliozalisha miche bora inayopandwa leo.

Anguko hilo liliua kitu kingine ambacho sisi wakaguzi tunakililia mpaka sasa, yaani viwanda. Katika miaka ya 1970, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, vilijengwa viwanda vya kubangulia korosho, vikiwamo vya Masasi, Newala, Nachingwea, Mtama, Lindi, Mtwara na Tunduru, vingine kwa mitambo ya Italia na vingine ya Japani. Vilijengwa kwa ajili ya wingi wa korosho wa mwaka 1973, na vilipoanza kunguruma korosho zilikuwa zinakimbia. Vingi vilifungwa, na baadhi ya majengo yake yakaja kutumika kama maghala ya korosho ghafi zinazosubiri meli.

Mama yangu mdogo alifanya kazi katika chumba cha kuchambua cha kimojawapo. Kutoka kwake nilijifunza hukumu ya pili ya korosho, ile ya korosho karanga, yaani kiini kilichokwisha kubanguliwa. Wanawake walikaa kwenye meza ndefu zenye mwanga, wakitenga kizima na kilichopasuka, cheupe na kilichoungua, kikubwa na kidogo. Kizima cheupe hupewa herufi W na namba, na namba hiyo ni idadi ya viini vinavyoingia katika ratili moja. W180 ni vikubwa sana, kwa kuwa 180 tu vinatosha ratili. W240 hufuata, na W320 ndiyo inayouzwa kwa wingi kuliko zote duniani. Baada ya hapo kuna vilivyobabuka, vipande viwili, vipande vidogo na chenga za waokaji mikate. Mama mdogo aliweza kutenga W210 na W240 kwa vidole, akizungumza na jirani yake bila kutazama. Lakini alisisitiza kwamba jicho halitoshi. Kila fungu lilionjwa. Kiini kinaweza kuwa cheupe kama pembe ya ndovu na bado kikawa na ladha ya mafuta yaliyolala, kwa sababu kosa lilifanyika ghalani miezi mingi kabla.

Kiwanda kilipofungwa, mji mzima ulipoteza watu waliojua hayo. Korosho yetu iliendelea kusafiri ghafi kwenda India, na baadaye Vietnam. Kiini chake kilihukumiwa huko, kikafungwa huko, kikauzwa kwa jina la huko. Mtoto wa Masasi anayeuza pakiti za korosho stendi ya mabasi anaijua bei, lakini hakuna aliyemwambia kwamba alichoshika ni W320 au vipande.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Fedha zilirudi vijijini na miti ikaanza kupaliliwa tena. Hata hivyo ubora ulipoteza mlinzi. Mnunuzi aliyekuwa akishindana na wenzake kujaza lori alinunua nzuri na mbaya kwa bei moja, na mkulima aliyekausha vizuri hakuona faida ya jasho lake. Hapo ndipo kangomba ilipopata nguvu: mtu mwenye fedha anamfuata mkulima mwenye njaa, mara nyingi kabla ya msimu, na kununua korosho kwa bakuli au kopo badala ya mizani, kwa bei ya kumalizia shida ya siku moja. Kangomba haina daraja. Ni biashara isiyotaka kujua ubora, kwa sababu faida yake inatoka katika ujinga wa pande zote.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara katika msimu wa 2007/08, ulikusudia kuponya hilo. Mkulima hupeleka korosho chama cha msingi cha ushirika, kwani ushirika ulikuwa umefufuliwa, chama huzipeleka ghala kuu, ghala hutoa stakabadhi ya uzito na ubora, kisha korosho huuzwa kwa mnada. Vyama vikuu viwili vya ushirika, MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara na TANECU kwa upande wa Tandahimba na Newala, ndivyo vinavyosimamia minada yetu. Hapo ndipo meza yangu ilipowekwa, na kazi yake naomba niieleze kwa ukamilifu, kwa maana wengi wanaolipwa kwa namba yake hawajawahi kuiona ikifanyika.

Sampuli huchotwa kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, kisha huchanganywa na kugawanywa mpaka ibaki kilo moja. Kwanza tunahesabu punje. Zikiwa chache kwa kilo, ni kubwa. Zikiwa nyingi, ni ndogo. Kisha tunapima unyevu, kwani korosho ya kuhifadhi inatakiwa iwe na unyevu wa kati ya asilimia 8 na 10. Ikizidi hapo inaota ukungu gunia likiwa limefungwa. Baadaye tunapasua kila punje kwa urefu na kupanga mafungu: vizuri, vyenye madoa, visivyokomaa, vilivyooza, na maganda matupu. Viini vizuri hupimwa uzito wote. Vyenye madoa na visivyokomaa huhesabiwa nusu. Vilivyooza havihesabiwi kabisa. Uzito wa viini vinavyofaa hugeuzwa kuwa ratili kwa gunia la kilo 80, na hiyo ndiyo namba inayosubiriwa na wanunuzi.

Mfano wake ni huu. Kilo ya sampuli ikitoa gramu 300 za viini vinavyofaa, gunia lina takriban ratili 53, na hiyo ni korosho ya kujivunia popote. Ikitoa gramu 270, gunia lina karibu ratili 48. Tofauti ya gramu 30, uzito ambao kiganja hakiuhisi, ni ratili tano kwa kila gunia, na mnunuzi mwenye makontena bandarini anazihesabu zote. Gramu hizo hupotea kwa mambo madogo: kuokota kila baada ya wiki mbili badala ya kila siku mbili tatu, kuchuma mtini kabla bibo halijaanguka, kuanika juu ya udongo badala ya mkeka, turubai au sakafu, kuchanganya za mwaka jana na za mwaka huu, na kutumia mfuko wa nailoni badala ya gunia la katani linalopumua. Yote hayo yako ndani ya uwezo wa mkulima. Lakini atayafanya iwapo atakiona kisu kikipasua korosho zake mwenyewe.

Hilo ndilo ambalo mfumo umelisahau. Chama kinachanganya korosho za wanachama wote, nzuri na hafifu, na hukumu inafika kwenye shehena nzima. Mkulima makini na mkulima mzembe wanalipwa sawa, na wote wawili wanaambiwa namba bila kuonyeshwa viini. Mwaka 2018 zilitangazwa habari za kokoto zilizokutwa ndani ya shehena ya korosho za Tanzania iliyofika Vietnam. Sisi tunaoijua historia ya madonge ya mpira tulitambua ugonjwa ule ule: kitu kisichokaguliwa mbele ya wote hutiwa uzito wa uongo. Mwishoni mwa mwaka huohuo wakulima waligoma kuuza kwa bei za mnadani, na Rais John Magufuli akatangaza shilingi 3,300 kwa kilo, akaagiza jeshi lizikusanye korosho. Mjadala wote wa nchi ulikuwa juu ya bei. Sikusikia mtu akiuliza juu ya kisu.

Mavuno yamepanda tangu wakati huo, na msimu wa 2024/25 nchi ilivuka tani 500,000, kiasi ambacho mjomba wangu asingekisadiki. Minada nayo sasa inaendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa, ambako mnunuzi wa mbali anaisoma namba yetu bila kuigusa korosho. Kwa hiyo namba ile imekuwa na nguvu kuliko wakati wowote uliopita. Na serikali inasema inataka korosho ibanguliwe hapa nchini. Mimi naiunga mkono nia hiyo kwa moyo wote, lakini kiwanda kinahitaji watu wenye vidole kama vya mama yangu mdogo, na watu hao hawatoki ndani ya mtambo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. La kwanza, kila chama cha msingi katika Masasi, Newala, Tandahimba na kwingineko kiwe na meza, kisu, mizani ya gramu na kipima unyevu, na sampuli ipasuliwe siku ya kupokea korosho, mwenye korosho akiwa amesimama hapohapo. La pili, malipo yafuate matokeo hayo, ili anayeanika kwenye turubai apate zaidi ya anayeanika kwenye mchanga. La tatu, shule zetu za sekondari, ambazo nyingi zimejengwa kwa makato ya korosho, ziwafundishe vijana kupasua, kupima na kuonja. Haya hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Nawe msomaji ambaye una mikorosho, usisubiri chama. Msimu ujao chukua kilo moja ya korosho zako, zipasue, pima viini vyake, choma kiasi na uonje, kisha andika namba yako kabla hujaenda ghalani. Mkulima anayeijua namba yake hawezi kudhulumiwa kimyakimya.